Walimu wenzangu wamenichangia niwaletee TV na simu kutoka Nairobi. Sasa naogopa

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha, nina miaka 34, nina mume na watoto wawili. Dada yangu wa tumbo moja ameolewa Kenya na anakaa Kitengela, kwa hiyo Nairobi si ugenini kwangu. Kila likizo ndefu huwa naenda kumwona.

Desemba iliyopita nilikaa kwake siku tisa, na kabla ya kurudi nikamnunulia mama yetu TV ya inchi 43 pale Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya vifaa vya umeme Nairobi, shilingi 30,000 za Kenya. Shemeji ndiye aliyenipeleka kwa muuzaji anayemfahamu. Nilipofika mpakani Namanga akanipigia simu kunielekeza kwa kijana wa bodaboda, kijana akaizungusha TV kwa njia zao huko nyuma, mimi nikapita kwenye jengo la forodha mikono mitupu, tukakutana upande wa pili. Nikampa 30,000 za kwetu. Mama alifurahi mpaka akalia. Na mimi nilijiona nimeweza.

Nikafanya kosa la kusimulia ofisini kwa walimu. Shule ilipofunguliwa Januari wakaanza kunifuata mmoja mmoja. Mmoja anataka TV ya inchi 55, ambayo Nairobi ni 52,000 zao wakati hapa mjini wanaiuza 1,450,000. Watatu wanataka laptopu zilizotumika zile wanazoita za Uingereza, 28,000 kila moja, hapa zinafika 750,000. Wawili wanataka simu za 18,000. Nikipiga shilingi yao moja kwa 20 zetu, jumla ni 3,440,000, na kila mmoja akaongeza 40,000 ya usumbufu wangu. Kwa hiyo nimeshika 3,680,000 za watu. Tulipanga niende likizo ya Juni.

Sasa yametokea mambo matatu. TV ya mama imezima picha mwezi uliopita. Sauti inasikika, kioo cheusi. Dada alirudi dukani, wakamwambia waletewe TV yenyewe na boksi lake. Boksi tulishalitupa, na risiti niliyonayo ni karatasi ya mkono isiyo hata na muhuri. Pili, jamaa mmoja tunayesali naye alikamatwa karibu na Longido na mzigo wa spika, gari likashikiliwa na spika zikachukuliwa. Tatu, na hili naona aibu kulisema, mtoto wangu wa pili aliumwa Machi nikatoa 180,000 kwenye zile hela za walimu. Mume wangu anajua. Anasema nirudishe hela zote na niache kabisa. Shemeji anacheka, anasema Afrika Mashariki ni moja, ushuru wa nini, na kwamba watu wanapitisha kila siku.

Mama, hivi kweli kununua Nairobi kuna faida au nilibahatisha tu? Na nikirudi nyuma sasa, nitawaangalia vipi wenzangu?

Mwalimu, Arusha

---

Marahaba mwanangu.

Nimesoma barua yako mara mbili, na nilipokwama si Namanga. Nilikwama kwenye ile 180,000. Tuanze hapo, maana mengine yote yanaweza kungoja Juni, hili haliwezi kungoja.

Mtoto aliumwa, hela zilikuwepo karibu, ukatoa. Mama yeyote anakuelewa. Lakini leo kuna walimu sita wanaoamini hela zao zimekaa kamili, na hazijakaa kamili. Kaa na mume wako wiki hii mtafute hiyo 180,000 kabla hujamwambia yeyote lolote kuhusu safari. Kopa kwenye kikundi chako kama unacho, au ngojea mshahara, au uza kitu. Ukienda kuwaambia "nimebadili mawazo" huku mfuko una tundu, hawatasikia habari ya ushuru wala ya mpaka. Watasikia kwamba hela imeliwa. Na ofisi ya walimu unaijua kuliko mimi.

Nimeuza vifaa vya umeme hapa mjini kwa miaka mingi kabla ya kuwaachia wanangu kaunta, na bidhaa zangu nyingi nilizifuata mwenyewe, Kariakoo na Nairobi. Nakwambia hili ujue mapema kwamba nina duka. Kama ningetaka kulinda duka ningekwambia Nairobi hakuna unafuu, na huo ungekuwa uongo. Unafuu upo. Ila una mwenyewe, na mwenyewe si kila mtu.

Tuanze na hoja ya shemeji, kwa heshima zote, maana ni hoja ya watu wengi na ina nusu ya ukweli. Ni kweli umoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005. Ni kweli mahindi ya Kenya, sabuni ya Kenya na godoro la Kenya vinaweza kuingia kwetu bila ushuru wa forodha vikiwa na cheti cha uasili. Kwa wafanyabiashara wadogo kuna utaratibu mwepesi kabisa, mzigo usiozidi dola 2,000 unajaziwa cheti cha karatasi moja palepale mpakani. Lakini neno lenye uzito hapo ni uasili. Swali la forodha ni bidhaa imetengenezwa wapi, na TV ya inchi 55 haikutengenezwa Luthuli. Imetoka China au kwingineko, ikashuka Mombasa, Kenya wakachukua ushuru wao na VAT yao, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Ikivuka Namanga, kwetu ni bidhaa ya kigeni inayoingia upya. Kile kilicholipwa Mombasa kinabaki kwao. Hata simu zinazounganishwa pale Athi River tangu 2023, ambazo kiwanda chake kiko kwenye barabara hiyohiyo ya kuja Namanga, hazipati nafuu kwa sababu tu zimepita mikononi mwa Mkenya. Bila cheti, ofisa ataihesabu kama nyingine yoyote.

Sasa njoo kwenye TV ya mama, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia kwa niaba yako. Sheria ya forodha ya jumuiya, ile ya 2004, ina nafuu kwa msafiri anayerudi kwao. Akiwa amekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24, anaweza kuingia na vitu vyake mwenyewe, alivyoandamana navyo, vya matumizi yake au ya nyumbani, hadi thamani fulani bila ushuru. Kwa miaka mingi thamani hiyo ilikuwa dola 500, na hurekebishwa, kwa hiyo iulizie dawati la forodha kabla ya kununua. Wewe ulikaa siku tisa. TV yako ilikuwa shilingi 30,000 za Kenya, kama 600,000 za kwetu, chini sana ya dola 500. Ungeingia nayo mlangoni ukiwa na pasipoti iliyogongwa muhuri wa siku tisa nyuma na risiti safi ya mashine, ukasema "hii ni ya mama yangu", ulikuwa na nafasi nzuri sana ya kupita bila kulipa senti. Badala yake ulimlipa kijana 30,000 akufanye mkwepa kodi. Ulilipia woga, mwanangu, na mzigo wako huenda haukuwa na deni.

Hapohapo utaona kwa nini mzigo wa Juni ni jambo jingine. TV moja ya nyumbani ni ya msafiri. TV, laptopu tatu na simu mbili, kila kimoja na mwenyewe, na wewe umechukua 40,000 juu ya kila kimoja, huo ni mzigo wa biashara. Hata ukae Kitengela mwezi mzima ile nafuu haikuhusu, kwa sababu vitu si vyako. Ofisa akikuuliza laptopu tatu za nini, utajibu nini? Ukisema zote zako umedanganya forodha, na hilo ni kosa la peke yake.

Tupige hesabu ya ile TV ya inchi 55 ikiingia kama mzigo. Bei ni 1,040,000. Ongeza 20,000 ya kuisafirisha, kwa sababu ushuru unahesabiwa mpaka gharama ya kuifikisha mpakani: 1,060,000. Ushuru wa forodha wa TV iliyokamilika ni asilimia 25, yaani 265,000. VAT ya asilimia 18 haihesabiwi kwenye bei peke yake, inapigwa kwenye bei na ushuru pamoja, 1,325,000, nayo inazaa 238,500. Jumla ya kodi 503,500, na bado kuna tozo nyingine ndogondogo. TV imefika 1,563,500. Hapa mjini wanaiuza 1,450,000, na hapo hujalipa nauli, hujala Kajiado, na hujahesabu siku zako. Mwenzako angelipa zaidi ya 113,000 juu ya bei ya dukani ili apate TV isiyo na waranti.

Ndiyo maana nasema uliyoiona kama faida ilikuwa ni kodi ambayo haijalipwa. Toa kodi, ile tofauti inayeyuka yote.

Laptopu ni habari tofauti, na hapa shemeji anapata pointi yake. Kompyuta katika jumuiya yetu zina ushuru wa forodha wa asilimia sifuri. Ukitozwa VAT kamili ya asilimia 18, laptopu ya 560,000 inaongezeka 100,800 na kufika 660,800. Ukilinganisha na 750,000 ya hapa, kuna kama 89,000 za kuokoa, kabla ya tozo na nauli. Kwa mtu anayekwenda Nairobi kwa mambo yake, hiyo ni hela. Kwa mtu anayefunga safari maalumu kwa ajili ya laptopu moja, nauli na malazi vinaimaliza. Kwa hiyo mwalimu mwenye ndugu Nairobi au mwenye semina kule anaweza kweli kuokoa, akibeba yake mwenyewe.

Na kwenye zile zilizotumika, chukua muda dukani. Waambie waiwashe kwa betri peke yake, chaja ikiwa pembeni, na uiache iwake wakati mnaongea bei. Bonyeza kila herufi. Fungua ukurasa mweupe kioo kizima utafute madoa. Angalia kama inaomba nenosiri kabla Windows haijawaka, kwa sababu laptopu nyingi zilitoka kwenye ofisi za watu huko Ulaya na nyingine zilikuja na kufuli zao. Mwenye duka mwaminifu hatakuharakisha.

Simu zinanitia hofu kuliko zote. Bonyeza *#06# zitoke tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Zilingane na za kwenye boksi, na uzitake ziandikwe kwenye risiti. Mtumie mume wako hizo tarakimu akiwa hapa Arusha, azitume kwa ujumbe kwenda 15090, majibu yatakuja na aina ya simu. Kama umeshika Samsung na majibu yanataja jina lingine, rudisha simu kwenye kaunta na uondoke. Unakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia? Nilikuwa kaunta siku zile. Watu walikuja na simu walizonunua wiki tatu nyuma, zikiwa na nailoni bado kwenye kioo, na hapakuwa na la kuwafanyia.

Halafu kuna jambo jipya kidogo ambalo wengi hawalijui. Kenya simu nyingi siku hizi zinatolewa kwa mkopo wa lipa mdogo mdogo, na ndani yake kuna programu inayoifunga mteja asipolipa. Mtu akishindwa marejesho anaiuza mtaani kwa bei ya kutupa. Unainunua inawaka vizuri, unavuka nayo, baada ya wiki mbili inajifunga, na aliyeifunga yuko Nairobi na ana haki. Bei ya simu ikiwa chini kupita maduka yote ya mtaa huo, jiulize ni kwa nini.

Sasa yule kijana wa bodaboda. Watu wanapitisha kila siku, kweli. Na kila siku kuna wanaokamatwa, mmoja wao unasali naye. Hebu fikiria ile dakika TV inapoondoka machoni pako. Huna risiti ya kijana, hujui jina lake la ukweli, na akipotea huwezi kwenda kituoni kusema nilimpa mzigo anipitishie magendo. Ile moja ya mama ilipona. Vitu sita vya 3,440,000 ni jaribu kubwa kwa kijana asiyekufahamu. Na ukivuka Namanga hujamaliza. Kuna kilomita 110 hivi mpaka Arusha, kuna Longido, kuna Oldonyo Sambu, na doria hazina ratiba ya kubandikwa ukutani. Sheria ile ya 2004 inasema kwa kosa la magendo unaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kulipa faini ya nusu ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Mzigo unataifishwa, na chombo kilichoubeba kinaweza kwenda nao. Wengi huishia kukiri na kulipa faini bila kufika mahakamani, lakini wewe ni mtumishi wa umma. Kesi ya namna hiyo kwa mwalimu haiishii kwenye TV.

Kuna na ule ujanja wa kutoa kitu kwenye boksi ili kionekane kimetumika. Usiufanye. Maofisa wa forodha wameuona mara nyingi kuliko nilivyouona mimi, na ukilitupa boksi umetupa namba za kifaa, ndiyo kusema umetupa waranti. Hilo limeshakupata.

Na hili la waranti nalisema nikiwa na kidonda changu. Miaka ya nyuma nilileta TV nane kutoka duka moja la jumla Nairobi, zimelipiwa kila kitu, karatasi zote safi. Mbili zikafa ndani ya miezi mitatu. Kampuni ya hapa ikanijibu waranti ni ya Kenya, duka la Nairobi likasema zilete. Kuzirudisha kulikuwa na maana ya kuvuka mpaka mara mbili, na kabla ya kutoka lazima uziandikishe forodha kwamba zinakwenda matengenezo, usipofanya hivyo siku ya kurudi zinahesabiwa kama mpya na unatozwa tena. Nilipiga hesabu usiku kucha. Nikazitengeneza hapa kwa hela yangu na wateja hawakujua. Tangu hapo sijawahi kuhesabu bei ya Nairobi bila kuweka pembeni kifaa kimoja kilichokufa.

Barabarani pia kuna hatari yake. TV ya kisasa husafiri imesimama. Ukiilaza chini ya mabegi kwenye buti ya kosta, kioo kinapasuka kwa ndani na boksi linabaki zima, unagundua sebuleni. Waranti ya nchi yoyote haigusi kioo kilichopasuka, na bei ya kioo inakaribia bei ya TV mpya.

Lakini TV ya mama yako usiizike bado. Sauti ipo, kioo cheusi, sivyo? Usiku zima taa, iwashe, uimulike kioo kwa tochi ya simu kwa karibu. Ukiona picha inapita kwa mbali kama kivuli, basi kioo ni kizima, zilizokufa ni taa za nyuma, zile LED ndogo zilizopangwa kwa mistari. Ni ugonjwa wa kawaida kabisa wa TV hizi, na fundi mzuri wa hapa mjini anabadilisha ile mistari. Mwambie abadilishe yote, asibadilishe mmoja uliokufa tu, vinginevyo utarudi kwake baada ya miezi michache. Akimaliza, punguza mwanga wa picha kwenye mipangilio. TV nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa mwanga wa juu, na huo ndio unaozichosha taa mapema. Kama ukimulika huoni kitu chochote, tatizo ni la ndani zaidi, mwache fundi aseme kwanza bei kabla ya kufungua.

Umeniuliza utawaangalia vipi wenzako. Utawaangalia na hela yao mkononi. Usiwaite kikao. Mfuate kila mmoja peke yake, umrudishie yote pamoja na ile 40,000, na useme hivi: "Nimeulizia vizuri. Nikileta vitu vyenu kihalali, TV inakuwa ghali kuliko hapa, na nikileta kwa njia ya panya naweza kupoteza hela yako yote na kazi yangu. Siwezi kubeba hilo." Basi. Atakayenuna atanuna siku tatu, halafu atakuja kukuuliza habari za laptopu. Shemeji usibishane naye. Alikusaidia kwa nia njema na ni mume wa dada yako, mwambie tu safari hii huna mzigo.

Kisha wape njia nyingine, maana shida yao ni ya kweli. Mshahara wa mwalimu naujua. Ninyi ni sita, na sita ni wateja wa jumla. Nendeni pamoja kwenye maduka matatu ya hapa Arusha mkiwa na orodha moja na hela taslimu, muulize bei ya vyote kwa mkupuo. Mwenye duka anayeuza laptopu tatu asubuhi moja hashiki bei ile aliyobandika, mimi nilikuwa nashusha. Kama mmoja wenu ana ndugu Kariakoo, piganeni bei na kule pia, mitaa ya Aggrey na Msimbazi, kisha muongeze gharama ya kusafirisha mlinganishe. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la kila mmoja na namba ya kifaa chake, na waranti iliyoandikwa, si ya mdomo. Duka likikuuzia bovu halafu likakataa kukusikiliza, ile risiti ndiyo unayoingia nayo Tume ya Ushindani.

Yule wa TV ya inchi 55, akiwa bado anaitaka ya Nairobi, aende nawe Juni. Ana likizo kama wewe. Alale usiku mmoja au miwili kwa dada yako Kitengela, zipite zile saa 24, anunue mwenyewe kwa jina lake, adai risiti ya mashine ya kodi ya Kenya, na apite nayo Namanga mkononi mwake. Kile kituo ni cha pamoja, tangu 2018 mnatoka Kenya na kuingia Tanzania ndani ya jengo moja, kwa hiyo hakuna cha kuzunguka. Mnagonga muhuri, mnakwenda dawati la TRA, mamlaka yetu ya mapato, anasema amekaa siku ngapi na amenunua nini. Kama iko ndani ya kiwango, anapita. Kama haiko, atapewa kumbukumbu namba ya malipo, analipa kwa simu palepale, anashika karatasi yake na anaiweka kwenye pochi mpaka afike kwake. Longido wakimsimamisha, anaitoa.

Wewe nenda ukamwone dada yako bila orodha ya mtu. Na ile 180,000 ikishatimia, niandikie. Niambie na tochi ilionyesha nini kwenye kioo cha mama.